Farasi Asiyekunywa Maji

  

Mazungumzo yangu leo ni ya farasi. Wazee wangu mlioko Kwamkoro, Amani, Bulwa, na huko ng'ambo ya bonde la Lwengera mpaka Lushoto, najua mtauliza farasi ametokea wapi. Huku milimani Usambara tunafuga ng'ombe wa maziwa, mbuzi na kuku. Majani ya chai yanapanda lori kwenda kiwandani, na mtu mwenye haraka ya kushuka Muheza anaita bodaboda. Farasi hayumo. Lakini waulizeni wajukuu zenu. Wanakijua kitufe kinachomwongezea mwendo na kitufe kinachomrusha ukuta. Wanajua yupi ana nguvu na yupi ana kasi. Wamejifunza kwenye pedi ya PlayStation katika vibanda vya gemu vya mjini, na wengine kwenye simu, wamekaa barazani.

Sikuja kuwakaripia vijana. Nimeicheza michezo hiyo na naipenda. Nimekuja na swali ambalo wachezaji wenyewe huulizana: farasi yule ni wa kweli kiasi gani? Vita vya farasi tunavyovipigana kwenye kioo vinafanana vipi na vile walivyopigana watu wenye damu juu ya wanyama wenye damu? Jibu langu nalitoa mapema. Mwili wa farasi, watengenezaji wa gemu wameupata. Maisha yake hawajayapata. Na sisi wa Tanzania tunao ushahidi wa kulisema hilo, kwa sababu katika nchi hii farasi kwa maelfu waliletwa vitani na karibu wote wakafia hapa, na wengi wao hawakuuawa na risasi.

Nianze na haki yao watengenezaji, maana kazi yao ni kubwa. Kwa karne nyingi wachoraji hodari wa Ulaya walimchora farasi anayekwenda shoti akiwa amenyoosha miguu yote, miwili mbele na miwili nyuma, kana kwamba anaogelea hewani. Hapakuwa na jicho la mtu lililoweza kuikamata miguu ile. Mwaka 1878, kule Palo Alto katika jimbo la California, mpiga picha Eadweard Muybridge alipanga kamera kwa mstari kando ya njia ya mbio, na farasi alipopita akazifyatua moja baada ya nyingine. Picha zikaonyesha kuwa kweli kuna nukta ambapo kwato zote nne haziko chini, lakini nukta hiyo ni pale miguu inapokusanyika chini ya tumbo. Wachoraji walikuwa wamekosea. Leo mtoto wa Kwamkoro akicheza Red Dead Redemption 2, gemu iliyotoka mwaka 2018, anaiona miguu ile ikikusanyika mahali pake. Anaona shingo ikipanda na kushuka, misuli ikitetemeka chini ya ngozi, matope yakigandia kwenye tumbo. Anatofautisha hatua ya kawaida, mbio ndogo za matiti na shoti. Hilo si jambo dogo.

Na gemu ile imejaribu kwenda mbele zaidi. Farasi anashtuka akimwona nyoka au mnyama mkali. Akigonga mti kwa kasi anaanguka, na mpandaji anaruka juu ya kichwa chake. Lazima umlishe, umpige brashi, umtulize kwa sauti, na urafiki wenu unakua hatua kwa hatua. Akifa amekufa. Iko nyingine, Kingdom Come: Deliverance, ya Wacheki, nayo ya 2018, inayosimulia Bohemia ya mwaka 1403. Humo kila farasi ana kipimo cha ujasiri. Farasi mwoga atakutupa chini vita vikichacha. Aliyekiweka kipimo kile, namheshimu, kwa sababu amegusa jambo ambalo gemu nyingi hazitaki kuligusa: farasi ana maoni yake.

Gemu nyingi zinampa mchezaji bodaboda yenye singa. Unawasha, unakata kona palepale ulipo, unakwenda shoti kutoka mji huu mpaka ule, unazima. Farasi wa kweli hawezi. Mwendo wake wa hatua ni kama kilomita 6 kwa saa, hauzidi sana ule wa mtu mwenye haraka. Matiti yanampeleka kwenye 13 au 15. Shoti inapita 40, lakini ni ya dakika chache tu, kisha mapafu yanadai haki yao. Kikosi cha wapanda farasi kilichotaka kufika mbali kilitembea hatua sehemu kubwa ya siku, na kwa saa kadhaa askari walishuka na kutembea kando ya wanyama wao, kuipumzisha migongo iliyobeba mtu, tandiko, bunduki na chakula, jumla zaidi ya kilo 100. Farasi mmoja hula kiasi cha kilo 10 za nafaka na majani makavu kwa siku, na kunywa maji lita 30, mara nyingine 50 kukiwa na joto. Pigeni hesabu ya farasi mia tano. Kina mama wanaobeba ndoo kutoka mtoni wataielewa hesabu hiyo kabla yangu.

Mapigano yenyewe ndiyo yanayowavutia vijana, na hapo uongo unazidi.

Katika gemu nyingi ukilielekeza kundi lako la farasi kwenye ukuta wa askari wenye mikuki, farasi wanaingia kama gari linaloingia uzio, na watu wanaruka huku na huko. Farasi hafanyi hivyo. Ni mnyama wa kukimbia hatari, na macho yake yako pembeni mwa kichwa ili aone karibu pande zote. Ukimpeleka kwa kasi kwenye kitu kizima kisichosogea, atapunguza, atageuka au atasimama ghafla, hata umchome visigino mpaka damu itoke. Pale Waterloo, tarehe 18 Juni 1815, wapanda farasi wa Ufaransa walirudi tena na tena mbele ya vikosi vya Waingereza vilivyojipanga mraba, bayoneti zikitazama nje. Walizunguka na kuzunguka miraba ile bila kuivunja. Shambulio la farasi lilifaulu pale ambapo watu waliogopa kwanza, mstari ukafumuka, ndipo farasi akaona njia. Ni hofu mbili zinazopimana, ya mtu na ya mnyama, na nani ataacha kwanza. Gemu ya Mount & Blade, kazi ya watu wa Ankara nchini Uturuki, inalikaribia jambo hilo kwa upande mmoja: mkuki wa askari wa miguu ukimpata farasi wako kifuani anasimama kwa miguu ya nyuma na kasi yako yote inapotea. Farasi aliyeangushwa humo anaweza hata kubaki kiwete. Lakini mkuki wako mwenyewe unampiga mtu, unampiga wa pili, unampiga wa kumi, wala haukwami. Mkuki uliomwingia mtu kwa kasi ya shoti haurudi mkononi kirahisi hivyo. Mpandaji aliuachia, au alivunjika mkono akiung'ang'ania.

Nawapa mfano wa karibu na kwetu kuliko Waterloo. Omdurman, Sudan, tarehe 2 Septemba 1898. Kikosi cha Lancers cha 21 cha Uingereza kiliwashambulia wapiganaji wachache wa Kisudani waliokuwa wakionekana mbele yao. Walipokaribia wakakuta korongo, na ndani ya korongo watu zaidi ya elfu mbili. Walikuwa wamekwisha kushika kasi. Wakapita katikati yao, na kwa muda wa dakika mbili hivi kikosi kilikuwa upande wa pili. Wapandaji 21 walikufa, na farasi 119 waliuawa au kujeruhiwa kati ya mia nne hivi. Magazeti ya London yaliimba sifa. Churchill, aliyekuwamo akiwa luteni kijana, aliandika kitabu. Lakini angalieni walifanya nini baada ya kuvuka: walishuka chini, wakachukua bunduki zao, wakafyatua risasi wakiwa ardhini, na risasi ndizo zilizowaondoa watu wale korongoni. Hata shambulio linalosifiwa kuliko yote ya siku zile liliisha watu wakiwa wameshuka kwenye farasi.

Hapo ndipo ninapotaka tuje nyumbani.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza Agosti 1914, walowezi wa Kiingereza waliingia Nairobi wakiwa juu ya farasi wao wa mashambani, na farasi wa mchezo wa polo, na hata baghala. Wakaunda kikosi cha East African Mounted Rifles. Kundi mojawapo likajiita kwa jina la binti wa gavana, likajitengenezea mikuki ya mianzi. Fikirini, mwaka 1914, dhidi ya bunduki za rashasha, mikuki ya mianzi! Iko picha ya farasi wao mmoja mweupe aliyepakwa mistari afanane na pundamilia, asionekane porini. Upande wa pili wa mpaka, walowezi wa Kijerumani nao walikuwa na wapanda farasi wao kuzunguka Kilimanjaro.

Tarehe 3 Novemba 1914, siku zilezile ambazo watu wa Tanga walikuwa wakisikia mizinga mjini kwao, kikosi kile cha walowezi wa Kiingereza kilikuwa miongoni mwa waliotumwa kuuchukua mlima Longido. Mapigano yalikuwa ya kupanda mlima, miongoni mwa mawe na ukungu. Na yaliamuliwa na maji. Doria ya Wajerumani iliwakuta baghala waliobeba maji ya jeshi, ikawatawanya. Jua likapanda, watu na wanyama wakakaukiwa, na usiku jeshi likarudi lilikotoka. Nimetafuta gemu inayonionyesha jambo hilo: kwamba vita vinaweza kushindwa kwa sababu wanyama wenye mapipa ya maji wamekimbia. Sijaiona.

Jambo jingine ambalo sijawahi kuliona kwenye kioo ni mshika farasi. Wapanda farasi waliopigana Afrika Mashariki walikuwa, kwa sehemu kubwa, askari wa miguu wanaosafiri kwa farasi. Walipanda mpaka karibu na adui, wakashuka, wakalala chini na bunduki. Sasa farasi anaachwa wapi? Kanuni ilikuwa mtu mmoja katika kila wanne kubaki nyuma akiwa ameshika hatamu za farasi wanne, wake na wa wenzake watatu. Kwa hiyo kikosi cha watu mia nne kikishuka kupigana, watu mia moja hawapigani. Wamesimama nyuma ya kichuguu, kila mmoja ameshikilia wanyama wanne wanaoruka kwa mlio wa risasi. Katika Battlefield 1, gemu ya mwaka 2016 inayosimulia vita hivyohivyo, unashuka, farasi anasimama anakungoja kama mtumishi, ukimtaka tena unampanda. Gemu hiyo inakupeleka Ufaransa, Italia, jangwa la Sinai. Afrika Mashariki haimo. Nchi ambayo vita vilidumu hadi Novemba 1918, vikasimama siku chache baada ya Ulaya kwisha kunyamaza, haimo hata kwa ramani moja.

Mwaka 1916 Jenerali Smuts, kamanda wa jeshi la Waingereza, alileta wapanda farasi kutoka Afrika Kusini, Makaburu wengi wao, watu waliozaliwa juu ya tandiko. Mpango wake ulikuwa mzuri kwenye karatasi: askari wa miguu wambane adui mbele, wapanda farasi wazunguke nyuma. Mapema Aprili, kamanda wake Van Deventer akatoka Arusha na brigedi yake kwenda Kondoa Irangi, safari ya zaidi ya kilomita 200, katikati ya masika. Tarehe 19 Aprili akaingia Kondoa. Kama ni gemu, hapo ungepewa nyota tatu. Lakini nyuma yake njia ilikuwa imetapakaa mizoga. Mamia ya farasi walikuwa wamekufa, waliofika walikuwa mifupa, na brigedi ile iliyosifiwa kwa kasi ikakaa Kondoa haiwezi kusogea, ikingoja chakula ambacho magari na mikokoteni hayakuweza kukifikisha kwa sababu ya matope.

Juni mwaka huohuo jeshi la Smuts lilishuka kando ya milima yetu, likifuata reli na mto Pangani. Likachukua Mombo, kisha Wilhelmstal, ndiyo Lushoto ya leo, kisha Korogwe. Baada ya hapo likaingia nyika za Handeni na kuelekea Morogoro. Mtu wa Usambara akisimama ukingoni kule Irente akatazama chini, ile nyika anayoiona ndiyo nchi ya mbung'o.

Mbung'o ndiye aliyewashinda wapanda farasi. Kila mtu aliyepita pori la Handeni au Saadani ameonja mchomo wake: kama sindano ya moto, hata juu ya shati. Ndani ya mate yake kuna vijidudu vinavyoingia kwenye damu ya mnyama. David Bruce ndiye aliyeligundua hilo kule Zululand mwaka 1895, katika ugonjwa wa mifugo uitwao nagana. Wanyama wetu wa porini wanavibeba vijidudu hivyo bila kuumwa sana. Farasi hana kinga. Anaanza kwa homa, macho yanatoka machozi, miguu na chini ya tumbo vinavimba, damu inapungua, mgongo unabonyea. Anaendelea kula na huku anakonda. Siku moja anayumba akitembea, kisha analala. Ni suala la wiki. Na asipokufa kwa hiyo, uko ugonjwa mwingine wa farasi unaoletwa na visubi wa usiku, ambao aina yake ya mapafu huwaua karibu wote wanaoupata, povu likitoka puani.

Sikieni hesabu ya miezi miwili tu, kuanzia katikati ya Septemba hadi katikati ya Novemba 1916. Jeshi la Waingereza lilipoteza farasi 10,000, baghala 10,000, maksai 11,000 na punda 2,500. Miezi miwili. Hakuna shambulio la mikuki lililofanya hivyo, wala rashasha. Walileta wengine kwa meli, nao wakafa. Maofisa walijua kuwa farasi anayeshushwa bandarini ana wiki chache za kuishi, na waliendelea kuagiza.

Na Wajerumani hawakuweza kusema hawakujua, maana maarifa yalikuwa hapa kwetu. Chuo cha utafiti cha Amani, jirani kabisa na Kwamkoro, kilianzishwa mwaka 1902, na Robert Koch, daktari mashuhuri wa dunia nzima, alifanya kazi hapo katika safari yake ya 1905, akichunguza vijidudu ndani ya mbung'o. Majengo yale mnayapita mkienda zahanati na mkienda sokoni. Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alipigana vita vyake kwa askari wa miguu, watu wa nchi hii, na sidhani ilikuwa bahati.

Sasa rudini kwenye Red Dead Redemption 2. Farasi wako akianguka amejeruhiwa, unatoa sindano ya dawa mfukoni, unamchoma, anasimama, mnaendelea. Dawa iliyokuwapo wakati wa vita vyetu ilikuwa aseniki, ambayo ni sumu. Bruce aliijaribu kwa farasi wa nagana. Ilimwongezea mnyama siku, haikumponya. Naomba kijana anayebonyeza kitufe cha sindano ajue kwamba yule daktari wa mifugo wa 1916 angetoa kila alichonacho kwa kitufe hicho.

Na mapambano na mbung'o hayakuisha vitani. Amboni walifungua ranchi ya ng'ombe Mkwaja miaka ya 1950, upande wa Pangani, wakapigana na mbung'o kwa dawa karibu nusu karne, na mwaka 2000 ranchi ikafungwa. Leo sehemu hiyo imo katika Hifadhi ya Saadani. Lakini Tanga pia imetoa ushindi mkubwa ambao watoto wetu hawausikii. Kituo cha utafiti wa mbung'o cha Tanga kilifuga mbung'o kwa mamilioni, wakiwalisha damu kupitia utando, wakawapiga madume kwa mionzi wasiweze kuzalisha, wakapelekwa Unguja na kumwagwa kutoka angani kwa ndege ndogo. Jike akipandwa na dume tasa hazai. Kazi ya kuwamwaga ilianza mwaka 1994, na kufikia 1997 Unguja ikatangazwa haina mbung'o tena. Watu wa Tanga walishiriki kuvishinda vita hivyo kwa kutumia mdudu dhidi ya mdudu, na kama kuna kijana anayetafuta hadithi ya gemu, hiyo inamngoja.

Nisije nikaeleweka kwamba Afrika Mashariki haikuwa na wapanda farasi. Unguja ya Masultani ilikuwa na farasi wa Kiarabu. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, ameeleza katika kumbukumbu zake zilizochapishwa 1886 jinsi watoto wa jumba la Mtoni walivyofundishwa kupanda tangu wadogo. Mwaka 1840 jahazi liitwalo Sultana lilifika New York na zawadi za Sayyid Said kwa Rais wa Marekani, na farasi wawili wamo. Lakini hao walikuwa farasi wa fahari. Kwa farasi wa vita nendeni nyanda za juu za Ethiopia, mahali ambapo baridi inamzuia mbung'o. Huko Waoromo na Waamhara walipigana juu ya farasi kwa karne nyingi, na pale Adwa, tarehe 1 Machi 1896, wapanda farasi wa Kioromo waliwafukuza Waitalia waliokuwa wakirudi nyuma. Angalieni tena: waliwafukuza waliokwisha kuvunjika. Katika gemu mchezaji humpa farasi jina. Ethiopia mtu mkubwa aliitwa kwa jina la farasi wake. Menelik alikuwa Abba Dagnew, Ras Alula alikuwa Abba Nega, Haile Selassie alikuwa Abba Tekel. Anayeitwa kwa jina la mnyama wake hawezi kumwacha amesimama juani bila maji.

Kuna jambo moja zito ambalo sitaki nilipite mbio. Farasi, baghala na maksai walipokufa, mizigo haikufa. Ilihamia kwenye vichwa vya watu. Waingereza, Wajerumani na Wabelgiji walikusanya wapagazi kwa mamia ya maelfu, wengi kwa nguvu, kutoka Kenya, Uganda, Kongo, Nyasa na kila wilaya ya nchi hii. Walibeba unga, risasi na vipande vya mizinga, wakala chakula kibichi kisicho chao, wakaugua kuhara na homa ya mapafu, na makumi ya maelfu wakafa bila kaburi lenye jina. Kila farasi aliyelala Handeni aliongeza mizigo juu ya watu hao. Ndiyo maana suala la gemu kumfanya farasi asichoke wala asiugue silioni kuwa jambo dogo la burudani. Ukifuta kifo cha farasi umemfuta na mpagazi, kwa sababu hakuna tena sababu ya yeye kuwapo kwenye hadithi.

Wengine wataniambia, mzee, gemu ni mchezo, nani atanunua mchezo wa kuteka maji? Nawajibu kwamba vijana wanakaa saa nyingi wakipanda mahindi ya kwenye simu na kuendesha malori ya kwenye kompyuta, na wanafurahi. Ugumu haumchoshi mchezaji. Kinachomchosha ni ugumu usio na maana.

Kwa hiyo naongea sasa na nyinyi mnaosoma mambo ya kompyuta, Tanga, Dar es Salaam, Nairobi, Mombasa, popote mnaponisikia. Itengenezeni gemu ya safari ya Kondoa ya 1916. Msimpe mchezaji upanga. Mpeni farasi sitini, mvua ya masika na watu wa kuwahudumia, na njia mbili mbele yake: moja fupi inayopita pori la mbung'o, moja ndefu isiyo na maji. Farasi akiumwa leo, mchezaji asione kitu mpaka wiki ya pili, kama ilivyokuwa. Akifika kwenye mapambano, achague mtu wa nne wa kushika hatamu, na yule mtu abaki nyuma kweli. Farasi akifa, tandiko lake na gunia lake vimwendee mtu, na mchezaji aone jina la mtu huyo na kijiji alichotoka. Kwa habari za mbung'o mnacho kituo Tanga mjini, na kwa habari za zamani za uchunguzi wake mnayo Amani. Kwa mwendo wa farasi mwenyewe, Polisi wana kikosi cha mbwa na farasi Dar es Salaam. Ombeni ruhusa, mkae kando ya banda siku nzima, mhesabu ndoo za maji zinazoingia.